Diski ilivyotolewa kwenye seva, ikakaa nje miaka ishirini, ikarudi

Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili yaliyopishana kwa miezi miwili tu. Oktoba, kwenye kongamano la wataalamu wa mifumo ya kompyuta lililofanyika Bolton Landing, jimbo la New York, watu watatu wa Google, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung, waliwasilisha makala ya kueleza jinsi kampuni yao inavyohifadhi data. Desemba, kampuni ya EMC ya Massachusetts, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa kuuza makabati ya diski kwa makampuni makubwa, ilitangaza kwamba inainunua kampuni changa ya California iitwayo VMware kwa takribani dola milioni 635.

Ukiyasoma leo yote mawili kwa pamoja unacheka kidogo. Makala ya Google ilikuwa inasema, kwa lugha ya kistaarabu ya kitaaluma, kwamba data nyingi sana zinaweza kukaa salama bila kabati la namna ile ya EMC. Na VMware, ambayo EMC ilikuwa inailipia pesa yote hiyo, ndiyo iliyokuja mwaka 2014 kuuza programu ya kumwezesha mteja aachane na kabati. EMC ilinunua shoka la kuukatia mbuyu wake yenyewe.

Teknolojia ninayotaka tuizungumze ni mtoto wa mambo hayo mawili. Wenyewe huiita HCI, na ukifasiri neno kwa neno unapata kitu kama "miundombinu iliyoungana kupita kiasi", jina ambalo halimsaidii mtu. Maana yake ni hii: badala ya kuwa na seva za kufanya kazi upande mmoja, kabati la diski upande mwingine, na mtandao maalumu wa kuviunganisha, unanunua seva tatu au zaidi zinazofanana. Kila moja ina prosesa, kumbukumbu na diski zake. Halafu programu inazishona zote ziwe kitu kimoja, diski zote zionekane kama ghala moja. Nafasi ikikuishia, unaongeza seva nyingine kwenye raki, unachomeka kebo, basi.

Hapo msomaji makini atauliza: sasa ajabu iko wapi? Diski kukaa ndani ya kompyuta si ndiyo hali ya kawaida? Laptop yako diski yake iko wapi? Swali zuri. Ili kulijibu inabidi tujue kwanza nani aliitoa diski ndani ya seva, na kwa nini.

Kisima cha mtaa

Diski ya kwanza ya kibiashara, ile ya IBM RAMAC ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5 hivi. Hiyo ni kama picha moja ya simu yako. Lilikuwa kabati zima linalojitegemea, kwa hiyo mtu asidhani diski ilizaliwa ndani ya kompyuta. Iliingia ndani baadaye, ilipokuwa ndogo na rahisi, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 ofisi nyingi zilikuwa na seva nyingi ndogo, kila moja na diski zake tumboni.

Fikiria mtaa ambao kila nyumba ina simtanki lake. Nyumba moja tanki limejaa mpaka linamwagika, jirani hana tone, na hakuna namna ya kumgawia. Ndivyo ilivyokuwa: seva ya uhasibu imejaa, seva ya barua pepe ina nafasi ya kutupa, na nafasi ile haihamishiki. Baya zaidi, seva ikifa, data zake zinafungiwa ndani. Zipo, hazijaharibika, lakini hakuna anayeweza kuzifikia mpaka fundi aje.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoleta jina la RAID. Hoja yao ilikuwa ya kiuchumi: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, chukua diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani, zipange pamoja, na uweke taarifa za ziada ili moja ikifa nyingine ziweze kukokotoa kilichopotea. Herufi I kwenye RAID, walivyoiweka wao, ilimaanisha "za bei nafuu". Baadaye watengenezaji wakaigeuza imaanishe "zinazojitegemea". Naelewa. Ukishauza kabati kwa mamia ya maelfu ya dola, neno "nafuu" halikai vizuri kwenye ankara.

Lakini RAID inamlinda mtu dhidi ya kifo cha diski, haimlindi dhidi ya kifo cha seva. Ndiyo maana jibu lililoshinda lilikuwa kuchimba kisima kimoja cha mtaa na kuvuta mabomba. Mwaka 1990 EMC ilitoa Symmetrix, kabati lililobuniwa na kikosi cha Moshe Yanai, lenye diski nyingi ndogo na uwezo wa gigabaiti 24, likiwa mshindani wa hifadhi za IBM zenyewe. Miaka minne baadaye kiwango cha Fibre Channel kikapitishwa Marekani, na hapo yakapatikana mabomba: mtandao wa kasi unaobeba data za diski peke yake, mbali kabisa na mtandao wa kawaida wa ofisi. Kisima na mabomba yake kwa pamoja vikaitwa SAN.

SAN ilikuwa kitu kizuri, tusiibeze. Seva ikifa, nyingine inafungua data zile zile kisimani. Nafasi inagawiwa kwa mahitaji. Kabati lenyewe lilikuwa na vidhibiti viwili, kimoja kikianguka kingine kinashika, pamoja na betri za kulinda data zilizo njiani umeme ukikatika. Shida ni kwamba ilihitaji watu wake. Kukawa na fundi wa seva, fundi wa mtandao na fundi wa hifadhi, kila mmoja na msamiati wake. Kuongeza nafasi kidogo kwa ajili ya mfumo mmoja kuliweza kupita kwenye mikono mitatu na fomu tatu. Na vile vidhibiti viwili vilikuwa na siri mbaya: ukiongeza diski kabatini, vidhibiti vinabaki viwili. Kisima kinapanuka, bomba la kutokea ni lile lile.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Sasa turudi kwa VMware. Wazo la kuigawa kompyuta moja ionekane nyingi halikuwa geni, IBM walikuwa wakiliuza kwenye mashine zao kubwa tangu VM/370 ya mwaka 1972. Ila prosesa za Intel zilizojaa maofisini hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Baadhi ya amri zake zilikuwa zinatoa majibu tofauti, kimya kimya, pale zinapoendeshwa bila mamlaka kamili, na mgawaji hawezi kujua kwamba amedanganywa. Mendel Rosenblum na wanafunzi wake wa Stanford walikuwa na uzoefu na mambo haya, na mwaka 1998 yeye, Diane Greene, Scott Devine, Edouard Bugnion na Edward Wang walianzisha VMware. Ujanja wao ulikuwa kuzisoma amri kabla hazijatekelezwa na kuzitafsiri papo hapo zile zenye matatizo. Mwaka 2001 wakatoa ESX, toleo la seva, na seva kumi zilizokuwa zikipiga miayo zikahamishiwa kwenye chuma kimoja.

Halafu mwaka huo huo wa 2003 wakatoa vMotion. Hii ndiyo iliyowafanya watu wasimame. Mashine pepe inayofanya kazi, yenye watumiaji ndani yake, inahamishwa kutoka chuma hiki kwenda kile bila kuzimwa. Ukisimulia hivi kwa mtu asiyejua atadhani ni kiini macho. Kinachohamishwa ni yaliyomo kwenye kumbukumbu, na yakishanakiliwa yote mashine inaendelea upande wa pili kama vile hakuna kilichotokea. Diski haihamishwi. Haihitaji kuhamishwa kwa sababu iko kisimani, na seva zote mbili zinachota humo.

Umeona mtego? Ili ufaidi vMotion ulilazimika kuwa na hifadhi ya pamoja. Kila aliyenunua VMware akawa mteja mtarajiwa wa kabati la SAN. EMC hawakuwa wajinga hata kidogo Desemba ile. Kwa miaka mingi iliyofuata ununuzi ule ulikuwa unawauzia makabati.

Lakini mashine pepe zikaanza kukitesa kisima. Diski inayozunguka hupenda kusoma na kuandika kwa mfuatano. Ukiiambia irukeruke inaweza kufanya operesheni mia moja au mia mbili kwa sekunde tu, maana kuna mkono wa chuma unaosogea kweli kweli ndani yake. Chukua mashine pepe thelathini, kila moja ikiandika mambo yake kwa mfuatano mzuri, zipitishe zote kwenye bomba moja. Kinachofika kisimani ni mchanganyiko kama juisi iliyotoka kwenye blenda, huwezi kutenganisha embe na parachichi. Wataalamu waliliita tatizo hilo kwa jina hilo hilo la blenda. Dawa ilikuwa kununua diski nyingi zaidi, zenye kasi zaidi, si kwa sababu unahitaji nafasi bali kwa sababu unahitaji mikono. Hapo bei ikawa si mchezo.

Watu ambao hawakununua kabati

Wakati huo Google walikuwa wanaishi dunia nyingine. Mwaka 1999 walikuwa wakitengeneza trei za seva kwa mikono: bodi nne za kompyuta za kawaida zimewekwa wazi kwenye trei moja, zimekingwa na karatasi ya lile gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa. Raki mojawapo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta kule Mountain View. Vifaa hivyo vilikuwa vinakufa ovyo, na ukiwa na maelfu yake, kila siku kuna kilichokufa.

Ukiwa na kabati la dola laki kadhaa, kuharibika ni dharura, unampigia simu muuzaji usiku. Ukiwa na maelfu ya diski za bei ya sokoni, kuharibika ni hali ya hewa. Makala ya 2003 ilianzia hapo hapo: vifaa vitaharibika, ni kawaida, kwa hiyo programu ndiyo ibebe jukumu. Faili linakatwa vipande vya megabaiti 64, kila kipande kinawekwa nakala tatu kwenye mashine tofauti, na mashine ikifa nyingine zinanakili upya vilivyopungua. Hakuna RAID ya chuma, hakuna Fibre Channel, na diski iko ndani ya seva ile ile inayofanya kazi.

Kwangu mimi hili ndilo badiliko lenyewe, mengine ni maelezo. Uaminifu ulihama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu. Kabla yake ulilipia kitu kisichoharibika. Baada yake unalipia akili inayojua kwamba kila kitu kitaharibika.

Ila mfumo wa Google haukuweza kubebwa hivi hivi mpaka kwenye ofisi ya bima au hospitali. Ulitengenezwa kwa mafaili makubwa mno ambayo mara nyingi yanaongezewa mwishoni. Mashine pepe inafanya kinyume: maandishi madogo madogo, popote pale, na inataka kuambiwa "tayari" mara moja. Mtu angejaribu mwaka 2003 kwa diski zinazozunguka na mtandao wa gigabiti moja, angeshindwa.

Kufikia 2009 mambo matatu yalikuwa yamebadilika. Diski za flashi zilikuwa zimeanza kushika: X25-E ya Intel, iliyotoka 2008, iliweza kusoma mara makumi ya maelfu kwa sekunde bila mkono wowote wa kusogea. Ukichomeka mbili tatu za namna hiyo ndani ya seva, una kasi ambayo jana ilihitaji kabati zima. Mtandao wa kawaida wa gigabiti 10 ulianza kushuka bei, kwa hiyo kutuma nakala kwa jirani hakukuwa tena safari ndefu. Na prosesa zilikuwa na kori nyingi kiasi kwamba unaweza kutoa chache zisimamie diski, zilizobaki zikaendelea na kazi za watu.

Mwaka huo Dheeraj Pandey, Mohit Aron na Ajeet Singh walianzisha Nutanix. Aron alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye mfumo ule ule wa mafaili wa Google. Mwaka huo huo Doron Kempel akaanzisha SimpliVity. Na mwaka huo huo, ukitaka kuona upande wa pili ulivyofikiri, Cisco, EMC na VMware waliungana kuuza Vblock: seva za Cisco, kabati la EMC na programu ya VMware, vyote vimepangwa kwenye raki kiwandani, vinaletwa na lori. Hiyo ndiyo iliyoitwa "iliyoungana" bila "kupita kiasi". Ndani yake hakuna kilichobadilika. Ulichopata ni namba moja ya simu ya kulalamikia badala ya tatu.

Safari ya maandishi madogo

Hebu tufuate data moja ndani ya HCI, maana hapa ndipo pazuri. Nachukua mpangilio wa Nutanix kwa sababu umeelezwa wazi sana.

Kwenye kila seva kuna mashine pepe moja ya pekee, ambayo kazi yake ni kusimamia diski za seva hiyo. Mfumo wa mishahara, ulio kwenye seva ya kwanza, unaandika mstari mmoja: fulani amelipwa. Unadhani unaandika kwenye diski ya kawaida. Kumbe msimamizi ameudaka mstari huo, ameuweka kwenye diski ya flashi ya hapo hapo, na sambamba na hilo ameutuma kwa msimamizi wa seva ya pili au ya tatu auweke pia. Nakala zote mbili zikithibitika, ndipo mfumo wa mishahara unaambiwa "tayari". Si kabla. Seva ya kwanza ikizima sekunde ileile, mstari upo kwingine, na mashine pepe inawashwa upya kwenye seva nyingine.

Kisha seva zilizobaki zinagundua kwamba kuna vipande vilivyobaki na nakala moja tu, zinaanza kuvinakili upya. Zote zinashiriki, kila moja kidogo. Kwenye RAID ya zamani diski moja mpya ndiyo inayopokea mzigo wote, kwa hiyo matengenezo yanaweza kuchukua saa nyingi, na muda huo wote unaomba Mungu diski nyingine isife. Kwenye klasta kubwa kazi hiyo inagawanywa, kama msaragambo wa kuezeka nyumba.

Kuna kitu kigumu nimekiruka. Nani anajua kipande kipi kiko wapi, na nani anaamua kwamba seva fulani imekufa? Tuseme kebo imekatika na klasta imegawanyika pande mbili. Kila upande unaona mwenzake yuko kimya. Kila upande ukiamua "yule amekufa, naendelea peke yangu", mteja mmoja anaweza kutoa salio lote huku, na salio lile lile likatolewa kule. Kebo ikirudi una daftari mbili za benki, zote zinadai ni sahihi.

Dawa ya hili ilitoka kwa Leslie Lamport, aliyeandika mbinu inayoitwa Paxos akiisimulia kama habari za bunge la kisiwa cha kale cha Ugiriki ambalo wajumbe wake hawatulii ukumbini. Makala aliiwasilisha 1990, ikachapishwa 1998. Msingi wake ni wingi wa kura: hakuna jambo linalopita mpaka zaidi ya nusu wakubali, na pande mbili haziwezi kuwa na zaidi ya nusu kwa wakati mmoja. Upande wenye wachache unasimama, hata kama uko mzima kabisa. Ndiyo sababu utaambiwa HCI inaanzia seva tatu. Wawili wakigombana hakuna wingi, kwa hiyo ukiwa na mbili tu lazima utafute shahidi wa tatu mahali pengine, hata kama ni kimashine kidogo kisichohifadhi data yoyote.

Gharama zipo, na vipeperushi vya matangazo huwa havizikolezi. Nakala mbili maana yake nusu ya diski ulizonunua haionekani, tatu ni theluthi mbili. Yule msimamizi naye anakula: gigabaiti 20 za kumbukumbu au zaidi kwa kila seva, kabla hujaendesha chochote chako. Kisha kuna lile kosa ambalo watu wanaendelea kulifanya, kudhani nakala ni sawa na hifadhi rudufu. Nakala tatu kwenye chumba kimoja, moto ukiwaka, ni nakala moja. Umeme wa jengo ukikatika na jenereta ikagoma, zote zinazima pamoja. Na mtu akifuta faili, au programu ya wahalifu ikilifunga kwa nywila, klasta inatii haraka sana: inafuta au inafunga nakala zote kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo ile diski ya nje ya jengo bado inahitajika.

Kampuni zikala kampuni

Nutanix walianza kuuza 2011, na wateja wengi wa mwanzo walitaka kitu kimoja: kompyuta za mezani pepe, mamia ya wafanyakazi wanaowasha mashine zao asubuhi kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilikuwa inazipigisha SAN magoti. Machi 2014 VMware wakatoa Virtual SAN, wameiweka ndani ya kiini cha programu yao yenyewe. Kuanzia hapo EMC ilikuwa inauza kabati kwa mkono wa kulia na mbadala wa kabati kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2015 Nutanix nao wakajibu kwa kutoa haipavaiza yao, yaani programu ya kugawa chuma kuwa mashine pepe, iliyojengwa juu ya KVM ya Linux, ili mteja asihitaji leseni ya VMware kabisa.

Mwaka 2016 kila mtu alikuwa na ya kwake. Cisco walitoa HyperFlex, EMC na VMware wakatoa VxRail, Microsoft wakaweka uwezo huo ndani ya Windows Server 2016. Septemba Dell wakakamilisha kuinunua EMC, na VMware ikaja nayo ndani ya kifurushi. Mwezi huo huo Nutanix waliingia soko la hisa kwa dola 16 kwa hisa, na siku ya kwanza bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka uliofuata HPE wakailipia SimpliVity dola milioni 650. Cisco walikuja kuachana na HyperFlex mwaka 2023 na kuanza kuuza ya Nutanix.

Halafu ikaja Novemba 2023. VMware, ambayo ilikuwa imeshatenganishwa na Dell miaka miwili nyuma, ikanunuliwa na Broadcom kwa mpango uliotangazwa ukiwa wa dola bilioni 61. Desemba Broadcom wakaacha kuuza leseni za kudumu. Mteja sasa alipie usajili, kwa kuhesabu kori za prosesa zake, kila prosesa ikihesabiwa angalau kori 16, na bidhaa zilizokuwa zinauzwa mojamoja zikafungwa kwenye mafurushi machache. Baadhi ya wateja walieleza hadharani kwamba bili ziliongezeka mara kadhaa. AT&T walifika mahakamani New York 2024 kudai huduma waliyoamini mkataba wa zamani unawapa, na baadaye wakapatana. AT&T wana mawakili. Hospitali ya wilaya yenye seva nne haina.

Hapa ndipo naona watu wengi wanaoandika kuhusu HCI wanapita haraka. Zama za SAN ulikuwa na wauzaji watatu, mikataba mitatu, na kero isiyoisha, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kukushika mwili mzima. Mwenye haipavaiza akipandisha bei, kisima bado ni chako, unaweza kuleta mwingine achote. HCI iliondoa kero hiyo kwa kuwaunganisha wote watatu kuwa mmoja. Yule anayeendesha mashine zako ndiye anayeshika diski zako, kwa mpangilio anaouelewa yeye. Kuhama maana yake kuhamisha kila baiti kwenda kwenye seva nyingine, na seva za kuhamia hujazinunua, kwa sababu ulizonazo ndizo zenye data.

Njia ya tatu ipo. Sage Weil alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Santa Cruz aliandika Ceph, mfumo huria wa kusambaza data uliochapishwa 2006, ambao hautumii daftari kuu la kujua kipande kiko wapi. Kila mteja anakokotoa mwenyewe kwa fomula. Proxmox ya Vienna, iliyoanza 2008 na baadaye ikaiweka Ceph ndani yake, inakupa HCI bila kulipia leseni ya kutumia. Kwenye maabara yetu tunayo juu ya seva tatu kuukuu, na wanafunzi wapya huwa tunawaruhusu wachomoe kebo ya umeme ya moja wapendayo wakati video inacheza kutoka kwenye klasta. Inakwama kidogo, inaendelea. Ila tusidanganyane, ikigoma saa nane usiku hakuna wa kumpigia labda uwe umelipia huduma, na anayeielewa Ceph vizuri hapatikani kila kona. Leseni uliyoikwepa unailipa kwa mshahara wa mtu anayejua.

Wakati huo huo wateja wanaokimbia bei mpya wana kitu kingine mkononi: makabati ya hifadhi waliyokwisha kuyalipia, yenye miaka kadhaa ya kazi mbele yake. Hawataki kuyatupa ili waingie HCI. Mei 2024 Nutanix, kampuni iliyojitangaza kwa miaka mingi kwa kauli ya kuiondoa SAN, ilitangaza kwamba programu yake itafanya kazi pia na hifadhi ya nje ya PowerFlex, mali ya Dell, wale wale walioimeza EMC. Mwaka mmoja baadaye ikaongeza kabati kamili, la Pure Storage, lililojaa flashi na lisilo na sahani hata moja inayozunguka.